Kwa Mama Hatsue Morishige, Aliyemchora Kiyono

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu utuage asubuhi ile ya theluji hospitalini Sakata, ukiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Baba bado anakuandalia chai. Anaiweka mbele ya picha yako, anasema, "Haya, kabla haijapoa," kisha anainywa mwenyewe.

Watu walikujua kama Mwalimu Morishige, bingwa wa manga, hadithi za katuni za Kijapani, mwenye juzuu thelathini na mbili za *Moshi wa Kiyono*. Sisi tulimjua mtu aliyevaa soksi za mumewe, na aliyeimba kwa sauti mbovu kila kurasa za mwezi zilipokaribia kukamilika. Majirani wakisikia wimbo walijua: mwezi huu pia amewahi.

Wahariri walipokuja kusubiri kurasa mlangoni, uliwapikia supu ya miso.

"Mwalimu, mtambo wa kuchapa unasubiri!" mmoja alilalamika.

"Mtambo hauna tumbo, mwanangu. Wewe unalo. Kaa ule."

Lakini si kila jambo ulilipokea kwa upole. Mwaka 1986 ulipeleka Tokyo kurasa arobaini za kwanza za Kiyono, mjane wa miaka hamsini na mitatu anayechochea tanuri la bafu la mtaa, watu wanakolipa kuoga maji ya moto. Mhariri mkuu wa jarida kubwa alizisifu picha, ila akamkataa Kiyono mwenyewe.

"Mfanye msichana wa miaka kumi na sita," alisema. "Nani atasoma habari za mama mwenye mikono iliyopasuka?"

"Kila aliye na mama," ulimjibu. Ukazikusanya kurasa zako, ukazifunga kwenye kitambaa, ukapanda treni kurudi nyumbani.

Miezi kumi na moja hukuchapishwa popote. Ulichora matangazo ya duka la tofu. Chizuru, binti yako, akiwa darasa la pili, alikuuliza kwa nini usimfanye tu Kiyono awe msichana, mambo yaishe. Ulisema, "Nikimbadilisha, nitakuwa namchora kila siku huku namwonea haya."

Kisha jarida dogo la Osaka likamchukua kama alivyo. Barua zikaanza kuja, nyingine zikiwa na alama za vidole vyenye masizi. Kiyono akadumu zaidi ya miaka thelathini. Ulipopewa tuzo kubwa, yule mhariri mkuu, mvi zimemjaa, alikuja kukuinamia. "Nilikosea, Mwalimu." Nawe ukacheka: "Picha ulizipenda. Nusu ulipatia."

Saratani ilipokulaza, sura ya mwisho ilikuwa ya penseli tu, haijatiwa wino. Minako Okabe, msaidizi wako kwa miaka ishirini na sita, alikaa kando ya kitanda akilia.

"Mwalimu, mkono wako siwezi kuuiga."

"Nani kakutuma uuige? Weka wako. Na jina lako likae jaladani kando ya langu, kwa ukubwa uleule."

Wachapishaji walisita, si desturi jina la msaidizi kupanda jaladani. Ukawapigia simu wewe mwenyewe, kwa sauti kidogo iliyobaki. "Nilishawahi kuondoka na kurasa zangu," uliwaambia. "Njia ya stesheni naijua." Wakakubali siku hiyohiyo.

Juzuu ilitoka Oktoba, majina mawili jaladani. Kwenye ukurasa wa mwisho Kiyono anamwachia mwenzake koleo, ananawa masizi, na kwa mara ya kwanza anaingia kuoga kama mteja. Minako aliipeleka nakala Akita kwa mama yake, aliyekuwa akimsumbua miaka yote atafute kazi ya maana. Bibi yule alilipitishia kidole jina la mwanawe, taratibu, kisha akasema, "Ningejua, nisingekusumbua." Sasa Minako ana hadithi yake mwenyewe inayotoka kila mwezi, na wahariri wanamsubiri mlangoni.

Unakumbukwa na mumeo Tokuji, binti yako Chizuru na mkweo Kenkichi, mjukuu wako Honoka, mdogo wako Yasuhei wa Tsuruoka, na Minako, ambaye siku hizi tunamwita dada.

Tutakukumbuka daima, Mama. Na tukizidiwa na hamu yako, tutakusoma.