Kwa Volkmar Drewes, Aliyetaka Matone Saba

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokusindikiza kwenye makaburi ya Kassel. Viatu vyako vya kazi bado viko mlangoni na unga wake mikunjoni. Mama hataki viguswe.

Ulioka mikate miaka thelathini na minane. Ukiona bibi kizee anasita mbele ya kabati la keki, ulimkatia kipande ukasema kimevunjika, hakiuziki. Wateja wako wanakukumbuka kwa hilo. Sisi wa nyumbani tunakukumbuka zaidi kwa tangi la maji ya chumvi uliloliweka sebuleni mahali pa kabati la sahani za Mama, na bahari yenyewe iko mbali nasi mwendo wa saa nne kwa treni. Chumvi yake uliipima kwa mizani ya kuokea. Mama aliwaambia wageni, "Mke mwenzangu huyo hapo kwenye kioo. Kamba anakula yeye, viazi nakula mimi."

Kila Jumamosi baada ya kahawa ulipima maji, na mtu asikuharakishe. Kijichupa cha kupimia ulikisuuza mara mbili kwa maji ya tangi lenyewe. Uliinama mpaka jicho likawa sawa na mstari. Chupa ya dawa uliishika wima, maana ikilala matone hayalingani. Kisha tone, tikisa, tone, tikisa, mpaka maji, yaliyogeuka kijani kwa tone la kwanza, yawe mekundu. Idadi ya matone ilikuonyesha kiasi cha magadi yaliyomo, na kwa magadi hayo matumbawe hujenga mifupa yao. Wewe ulitaka saba, basi.

Ila macho yako hayakujua kutenganisha kijani na nyekundu. Ndiyo maana binti yako Frauke, tangu akiwa na miaka sita, alipanda kigoda akakuazima yake. Yeye aliangalia rangi, wewe ukahesabu kimoyomoyo.

"Bado, Baba. Bado. Bado kidogo. Sasa."

"Una hakika, kipanya changu?"

"Sasa kabisa. Imekuwa kama jamu ya bibi."

Ukaandika kwenye daftari huku umelifunika kwa mkono, kama mwanafunzi anayeogopa kuangaliziwa. Tulidhani ni vituko vyako tu. Hata alipohamia kwake, Frauke alirudi kila Jumamosi saa kumi kuja kusema "bado" na "sasa". Miaka ishirini na sita.

Ulipotutoka, aliapa kwamba tangi halitakufa mikononi mwake. Zaidi ya yote alilihofia tumbawe la zambarau, lile ulilopewa na rafiki yako Kottke likiwa dogo kama kidole, wiki Frauke alipoanza shule. Sasa ni pana kama sinia. Jumamosi ya kwanza alipima peke yake, akahesabu mwenyewe, akapata nane. Akaona magadi yamezidi. Akapunguza siku baada ya siku mpaka akapata saba yako, akayashikilia hapo.

Kabla ya Pasaka ncha za tumbawe zilianza kupauka. Akapima: saba. Akanunua dawa mpya, akapima tena: saba. Weupe ukazidi kuenea kwenye matawi. Alikaa mbele ya kioo akalia kama siku ya mazishi yako.

"Naliua, Mama. Baba aliniachia kitu kimoja tu, nami nakiua."

"Umefanya kama alivyofanya?"

"Vilevile. Chupa wima, jicho sawa, kila kitu."

"Basi lete daftari lake. Lake, si lako."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko wako wa kuandikia majina kwenye keki: "Frauke anapenda kuwa na hakika. Huita tone moja baadaye. Toa moja. Asiambiwe." Na kila Jumamosi, miaka yote ile, nane imekatwa kwa mstari mwembamba, pembeni saba. Saba ya Frauke ilikuwa sita yako, na tumbawe lilikuwa linashinda njaa.

Frauke alicheka machozi yakimtoka. "Miaka ishirini na sita! Si angeniambia tu?"

"Akuambie uanze kuogopa?" Mama alimjibu. "Leo ungewahi, kesho ungechelewa. Ukichelewa tone lilelile kila siku, hilo linahesabika."

Frauke akaongeza magadi kidogo kidogo, wiki kwa wiki, kama ulivyomfundisha. Kiangazi kilipoingia, ncha zikarudisha zambarau yake. Kottke alikuja kuliona, akavua kofia mbele ya kioo.

Jumamosi iliyopita Frauke aliinama tena mbele ya kijichupa. Mama alidondosha na kuhesabu.

"Bado. Bado. Sasa."

"Nane," alisema Mama.

Frauke akaandika saba.

Tunakukosa sana, Baba. Tunaokukumbuka ni mkeo Irmtraud, ambaye siku hizi ndiye anayemnunulia kamba mke mwenzake. Rafiki yako Kottke. Na binti yako Frauke, ambaye mpaka leo huchelewa tone moja. Tunalitoa kama ulivyolitoa, na wewe hututoki moyoni.