Pua ya Samaki wa Jiwe

Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua chako kimetulia na mama hajambo. Mimi na wanangu tu wazima. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Barua yako nimeipata. Unasema karakana ya makumbusho itapewa jina lako, na unaniagiza mimi, fundi wa humo sasa, nimtie pua ya plasta yule samaki wa kale aliyegeuka jiwe ili apendeze mbele ya wageni. Nikamshusha ukutani, nikamlaza mezani na kuwasha taa ya pembeni.

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba samaki huyu, aliyetoweka duniani zamani za kale, ni wa ukoo wa wale wenye pua ndefu kama mwiko, na kwamba mwili wake ulikuwa gegedu zaidi kuliko mfupa. Gegedu huacha doa jeusi tu kwenye jiwe. Aliyezoea samaki wa mifupa hudhani ni uchafu, akalikwangua. Pua yake ilikwanguliwa hivyo, na kwa kosa hilo ulimfukuza kaka karakanani, kisha nyumbani. Jiwe mlikuwa mkilisafisha kwa zamu, wewe na yeye, lakini ulimwita mkono wa shoka mbele ya mafundi wote. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka, nawe ukaendelea kula.

Baba, mikwaruzo yote ya pale puani imepigwa kwa mkono wa kushoto. Karakana ile haikuwa na mtu mwingine anayeshika sindano ya kukwangulia kwa kushoto ila wewe. Nina hasira. Mwanao amebeba zege ujana wake wote huku wewe ukipigiwa makofi, na bado ulitaka mimi ndiye nikufukie aibu kwa plasta!

Pua hiyo sikuitia. Nimemwonyesha mkurugenzi. Alitazama kwa lenzi, kisha akasema sherehe haipo tena.

Halafu nikamwita kaka. Nilidhani atafurahi, au atatukana. Alipitisha kidole pale palipokwanguliwa, akaketi chini sakafuni. Akasema kumbe si yeye aliyeikwangua. Miaka yote hii alikuwa ameshakubali kwamba ni yeye.

Usijisumbue kunijibu. Msalimie sana mama, mwambie mwanawe yuko kwangu, amekonda lakini mzima. Wajukuu zako wanakuamkia. Kaka nilimuuliza kama ana salamu za kukutumia, akasema hana.

Ni mimi,
Binti yako