Nusu ya Filamu Uliyoniachia

Tonton Bahati, mjomba wangu,

Filamu imekwisha. Naanza na hilo kwa sababu najua hutapumzika mpaka ulisikie. Ile ya Wachina wa zamani, ya panga na farasi, uliyoitia sauti ya Kiswahili mpaka katikati, kisha ukaenda hospitali ukisema Jumatatu unarudi. Hukurudi. Jumamosi iliyopita watu waliiona yote, mwanzo hadi mwisho, hapa hapa mtaani kwetu Sydenham, kwenye gereji ya nyumba yenu, na viti havikutosha.

Tangu tukuzike, Jumamosi zilikuwa kavu. Madereva wa malori wa Clairwood walikuwa bado wanapita. Walisimama mlangoni, wakauliza, "Iko film leo?" halafu wakakumbuka wenyewe na kuinamisha kichwa. Tantine, mkeo, hakuwa na nguvu ya kufungua ile gereji. Alisema ataipangisha kwa fundi wa magari, basi, yaishe. Nikamwambia asubiri, nitamalizia mimi filamu yako. Watu walinicheka kwa heshima, unawajua. Mwanaidi wa Tanga, yule ninayesuka naye saluni, ndiye aliyesema wazi: "Mwanamke atie sauti ya jenerali? Haya, tutasikia."

Sasa nikugombeze kidogo. Kichina hukujua hata neno moja, Tonton, na filamu haikuwa na maandishi chini. Ulikuwa unatazama nyuso na mwendo, kisha unaamua. "Mutu akitembea hivi, iko muongo," ulikuwa ukiniambia, na mimi mwanafunzi wako naitikia. Jenerali mzee mwenye ndevu nyeupe ametokea tu, umeshaamua ni msaliti, kamuuza kwa maadui baba wa binti, yule shujaa wa filamu. Ukampa sauti ya pua ya mwenye nyumba wetu wa zamani. Ulipotuonyesha nusu hiyo, gereji nzima ikamchukia!

Nilipokaa na nusu yangu, nikashika kichwa. Jenerali anasimama peke yake kwenye lango la mji, anapigana na jeshi zima ili binti apate kukimbia. Anachomwa mikuki kifuani. Binti anarudi mbio, anampakata, analia mpaka anakosa pumzi. Msaliti gani analiliwa hivyo? Eish, Tonton, uliniweza.

Mwanaidi akanishauri nifute yote nianze upya, maana siku hizi hata simu inatafsiri Kichina. Alikuwa na haki. Nikakaa chini kusikiliza nusu yako kwa mara ya mwisho, kidole tayari juu ya kitufe. Nikafika pale farasi wa mfalme anapogoma kuvuka mto. Pale ulisahau kazi, ukacheka kwa sauti yako mwenyewe, ukasema, "Hii farasi iko na akili kupita mfalme." Nikaweka simu chini. Sikuweza kukufuta. Siwezi.

Basi nikaingia ndani ya kabati lenu, katikati ya makoti yako, kama ulivyonifundisha, ili honi za taxi zisiingie kwenye sauti. Makoti bado yana harufu yako. Nikamsemea binti, akiwa amempakata jenerali: "Jenerali, nilikuchukia kwa sababu aliyenisimulia habari zako ni mtu ninayempenda. Alikosea. Alikuwa anakutazama kutoka mbali. Nisamehe mimi, na yeye msamehe." Sauti ilinikatika pale kwenye "ninayempenda". Nimeiacha hivyo hivyo.

Jumamosi, walipofika pale, dereva mmoja alipenga kamasi kwenye kofia yake. Mwanaidi alijifuta macho kwa mtandio, na kwa Mwanaidi hilo ni jambo kubwa.

Unakumbuka filamu ikiisha tu ulikuwa unaruka kuzima mashine? "Mutu akiona kamba hawezi tena kulia," ulisema. Mimi nilichelewa kuinuka, machozi yalikuwa yamenijaa. Picha ikaendelea, ile sehemu ya jinsi walivyoitengeneza, ambayo hukutuachia hata siku moja. Tukaona lango la mji ni mbao tupu zilizoegemezwa na nguzo. Tukaona binti anavutwa hewani kwa kamba na pembeni yake mtu anakula tambi, hata hamtazami. Kisha tukamwona jenerali amelala na mikuki yake kifuani. Mtu akapiga kelele, na jenerali akaamka. Akachomoa mikuki, akabandua ndevu, kumbe ni kijana wa rika langu.

Hakuna aliyekuwa amemtilia sauti. Nikasimama nikamsemea pale pale: "Chai iko wapi? Nimekufa tangu asubuhi!"

Tantine akacheka. Mkeo alicheka, Tonton, akishika tumbo, kicheko ambacho hatujakisikia tangu msiba. Akacheka mpaka akalia, kisha akasema, "Mwamshe tena." Tukarudisha nyuma. Jenerali akafa, watu wale wale wakalia upya, na akaamka, wakashangilia. Kwa hiyo na kuhusu kamba pia ulikosea.

Gereji haipangishwi tena. Tantine mwenyewe ameazima mabenchi ya kanisa, na ananiuliza kila siku filamu gani inafuata. Iko moja hapa mezani, Wachina tena, watawa na wafalme, haina maandishi hata mstari. Mwanaidi anataka simu yake initafsirie. Nimemkatalia.

Lala salama, Tonton wangu. Nakupenda, na nilipaswa kukuambia hivyo ukiwa unasikia. Nitawatazama nyuso na mwendo, kisha nitaamua. Nitakosea, hilo nakuahidi, lakini sitanyamaza.

Furaha