Taya Zangu Zilivyoninyima Kusikia

Mjukuu wangu Limi,

Mwangaluka, mama. Huku Bariadi tu wazima. Bibi yako yuko shambani anapalilia pamba, na ng'ombe mwekundu amezaa.

Umeniuliza kama nasadiki kwamba kinasa sauti mnachopandikiza hospitalini kwenu chini ya ngozi ya asiyesikia kinaweza kuzidiwa na kelele za mwili wake mwenyewe. Nasadiki kabisa. Nikiwa kijana nilifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, Maswa. Mashine zilinguruma mno, nikaziba masikio kwa pamba, nikakaa kutafuna karanga. Nikawa nasikia taya zangu tu, kama mawe yanasagana kichwani. Ghafla mwenzangu Masanja akanivuta shati, tukaanguka wote. Robota la pamba likaporomoka palepale nilipokuwa nimekaa.

"Nimekuita mara tatu!" alifoka.

"Sijasikia kitu."

Naye alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu! Nilitema karanga, nikachomoa pamba masikioni.

Hicho kinasa sauti, mama, kiwekeeni kitu laini kisitikiswe na mfupa wa kichwa mwenyewe anapotafuna. Huyo mtu kuna siku ataitwa kama Masanja alivyoniita mimi.

Babu yako,
Nkwabi