Alama Nane za Mama

Nyumbani, chumba cha cherehani
Ijumaa jioni, tarehe 7 Juni

Mpendwa Dada,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: tangu uondoke, huwa namchungulia mama akila. Nafungua kitabu, najifanya nasoma, kumbe macho yangu yako kwenye sahani yake.

Lakini salamu kwanza. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku wazima, isipokuwa mama, na ndiyo maana leo nakuandikia kwa hasira. Unajua mimi ni mzito wa kusema. Kwenye karatasi sitakuficha.

Mwezi uliopita alikuja mhojaji wa ofisi yenu, kupima watu wa mtaa huu wanafuata mlo bora kwa kiasi gani. Mama aliposikia kwamba maswali umeyatunga wewe, alifunika cherehani, akavaa nguo ya kutokea.

"Mama, jana ulikula mboga za majani?"

"Nilikula, mwanangu."

"Matunda?"

"Nilikula."

"Na samaki je?"

"Naye nilimla."

Mdogo wetu Kijiko hakuvumilia. "Samaki gani tena, mama? Si nilimmaliza mimi mpaka mkia!" Mama akamfinya paja huku akimtabasamia mgeni.

Hakusema uongo, Dada. Mboga alionja alipokuwa akipima chumvi. Chungwa alilamba vidole baada ya kutumenyea sisi. Samaki alifyonza kichwa. Dodoso lenu linauliza umekula au hukula, basi. Halina habari na kiasi. Maswali yalikuwa tisa, na kila "nilikula" yake ikawa alama. Mhojaji akajumlisha, uso ukamng'aa: "Nane kwa tisa! Mama, wewe ni mfano wa kuigwa!"

Mfano wa nini? Tangu baba apunguziwe zamu kiwandani, mama hutupakulia sisi, kisha baba, halafu yeye hukwangua sufuria. Wewe umekulia jikoni humu humu. Umemwona akila kwa kusimama, mgongo ametugeuzia. Ulisahau? Au huko chuoni mlifundishwa kwamba mama naye ni sufuria, kilichopikwa nyumbani basi kimo tumboni mwake?

Na angejibu nini mbele ya mgeni? Kwamba kwa mumewe hashibi? Mama yetu huyu? Thubutu!

Jumanne ya wiki iliyopita aliangukia cherehani, kitambaa cha mteja mkononi. Nilipomvuta kope, ndani kulikuwa kweupe. Nikamsihi twende zahanati. Akacheka. "Zahanati ya nini? Mimi nina alama nane. Dada yako ndiye mtaalamu, au wewe umemzidi?"

Hapo nilikukasirikia kwelikweli. Hebu fikiria: mama anaanguka, na kinachomzuia kutibiwa ni kazi ya mikono ya binti yake!

Badilisheni hilo swali. Muulizeni mtu alikula kiasi gani, na nani alipakuliwa mwisho. Na tafadhali usinijibu kwamba utafiti una taratibu zake.

Baba anakusalimu sana. Kijiko anasema usisahau kalamu zake za rangi. Fundi viatu wa jirani naye anaulizia utarudi lini.

Juzi mhojaji alirudi kwa awamu ya pili, akatukuta mezani. Niliichukua sahani ya mama kama ilivyokuwa, nikaiweka juu ya dodoso lake. "Hiki ndicho chakula chake cha leo, chote," nikasema. "Mpe alama." Mama akaniambia sina adabu, niombe radhi. Sikuomba. Mhojaji aliitazama ile sahani, akafunika kalamu, akasema taratibu, "Mama, zile alama ziache. Nenda ukapime damu."

Jana sikwenda shule. Nilimshika mama mkono tukaenda zahanati, akakutwa damu imepungua sana, akapewa vidonge. Tuliporudi nilipakua mimi. Nilianza na yeye, nikaketi mbele yake bila kitabu mpaka akamaliza.

Mungu akulinde huko uliko, na akurudishe jikoni kwetu hata kwa siku moja.

Mdogo wako akupendaye hata akikasirika,

Kimya