Jina Lako Kwenye Kanzidata

Dada Koku,

Shikamoo. Ulikuwa ukiniitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye kompyuta, nami nilishazoea. Leo nimekuamkia, na kama mjinga nimesubiri uitikie.

Kigongo sasa tunavuka kwa daraja. Nafika kituo chetu cha samaki cha Sengerema mapema, wala sioni raha. Raha ilikuwa ile foleni ya kivuko, wewe na hindi lako la kuchoma, ukinifundisha kazi kwa kuchora na kidole kwenye vumbi la boneti. Ulichora milango miwili, wa programu ya ripoti na wa kanzidata ya kiwanda, ukasema, "Mtu aingie mara moja, kwa jina lake, na milango yote imtambue." Ukaianza kazi hiyo. Figo zikakuwahi.

Ikalala pale ulipoiacha. Ulipolazwa ulitupa nenosiri lako ili ripoti zisisimame, na kiwanda kizima kikazoea. Hata baada ya kukuzika Muleba, watu wa mizani waliendelea kusema, "Ngoja niingie kwa Koku." Kila asubuhi kanzidata iliandika kwamba umefika kazini, nami nililitazama jina lako kabla ya kufungua kitu kingine. Nani angekuwa na moyo wa kulifuta?

Kisha bei zetu za sangara zikavuja kwa washindani. Mkaguzi mgeni akapekua kumbukumbu, akakuta kila aliyefungua bei ni wewe. Akasema kikaoni, "Huyu Kokugonza aitwe ajieleze." Dada, nilitoka nikalia kwa hasira. Wewe, uliyekuwa ukirudisha hata kalamu ya ofisi! Unaitwa ujieleze ukiwa kaburini, kwa sababu sisi tulishindwa kukuaga.

Nikairudia kazi yako. Programu ya ripoti ikamtambua Mzee Masanja wa mizani, lakini alipopelekwa kwenye kanzidata akakataliwa. Nikahangaika na vibali mpaka nikachoka. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukisema kila kitu kikigoma: "Angalia saa kwanza." Kweli, saa ya seva ya ripoti ilikuwa imebaki nyuma, na seva zikipishana saa haziaminiani. Nikairekebisha. Mzee Masanja akafungua ripoti, akaona jina lake pale juu, akavua kofia. "Kumbe sasa nikiharibu, ni mimi," akasema. Tulicheka sana. Nikatamani ungekuwepo umsikie.

Aliyevujisha bei hatujamjua, na huenda tusimjue kamwe. Lakini nilimpelekea mkaguzi tarehe uliyofariki, nikamweleza kwamba kila kilichofunguliwa baada ya hapo si chako. Amekubali, na ameandika hivyo kwenye taarifa yake.

Jana jioni nikaifunga akaunti yako. Leo asubuhi nimelitafuta jina lako kwa mazoea, sikulikuta. Yupo Mzee Masanja, yupo Neema wa mauzo, nipo mimi, kila mtu na lake.

Kwaheri, dada yangu. Nitakayemfundisha kazi hii nitamwanzishia kwenye saa, na nitamwambia nani alinifundisha. Na likitokea la kujieleza, nitaitwa mimi.

Wewe pumzika. Kazini hakuna atakayekuita tena.

Mdogo wako,
Bahati