Uji Ambao Kontroleri Hakuugusa

Papa,

Kontroleri amekula. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuuliza hali yangu mimi, kabla ya kuuliza kama unga unauzika sokoni. Amekula kifua cha kuku kilichochemshwa bila chumvi. Nilikichambua kwa vidole, nyuzi nyuzi, kama ulivyokuwa unafanya, nikampa kidogo kidogo, halafu nikasubiri nione kama kitarudi. Hakikurudi. Na choo chake cha asubuhi kilikuwa na umbo. Nimekuwa mwanamke wa kuchungulia mchanga wa paka kabla hata ya kufanya ishara ya msalaba, na nikiukuta vizuri, siku yangu nayo inakwenda vizuri. Cheka tu, wewe ndiye uliyeniachia kazi hii.

Leo ni sikukuu ya wazazi. Asubuhi, kama kila mwaka, mji mzima uliwaendea waliokufa, na mimi nilikuja kwako na jembe na ndoo. Niling'oa majani, nikaosha msalaba mpaka vumbi jekundu likatoka, baridi ya mwezi wa nane ikiniuma vidole. Nilitaka kukuambia haya yote pale pale. Lakini kaburi la jirani yako lilikuwa limejaa watu na bia yao, na mambo ya tumbo hayasemwi kwa sauti kubwa. Kwa hiyo naandika.

Wacha nianze na kilio chako, zile siku za matanga. Watu walikuja wengi, ungefurahi. Wenzako wa reli walikuja na kofia zao za kazi, wanawake wa soko letu la mtaa wa Kenya walikuja na masufuria yao. Na kila mtu alimwona paka chini ya kiti chako, akamhurumia. Niliwaeleza mara nyingi kwa nini anaitwa Kontroleri, kwamba ulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa anakagua kila sufuria kama mkaguzi wa tiketi anavyokagua abiria. Walicheka, kisha wakampa chakula. Mmoja alimpa kichwa cha samaki, mwingine bukari, ugali wetu, yenye mchuzi wa nyanya, mwingine maziwa ya kopo. Hakuna aliyetaka isemwe kwamba paka wa marehemu alilala njaa kwenye kilio cha marehemu. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, macho yamevimba, sikuona kitu.

Walipoondoka, alitapika mpaka ikabaki povu la njano. Akaharisha damu. Kisha akajificha chini ya kitanda chako na hakutoka tena. Nililala kifudifudi sakafuni, nikamulika kwa simu, nikaona macho mawili tu. Nikasema, basi, huyu naye anakufuata. Niliogopa kweli, Papa. Nyumba ilikuwa imebaki na mimi na yeye.

Nikamtia kwenye kikapu cha mboga, nikafunga kitenge juu, nikapanda pikipiki mpaka mtaa wa Golf, kwa yule daktari wa wanyama uliyekuwa unampelekea. Wewe ulikuwa unakwenda peke yako siku zote, hukutaka nikusindikize. Daktari alimtambua Kontroleri kabla sijasema mimi ni nani. Akampapasa tumbo, akasema matumbo yake yana ugonjwa wa kudumu, kwamba hautapona, utatulizwa tu, na chakula ndiyo dawa yake kubwa. Akanionyesha namna ya kumviringisha kwa taulo na kumpa dawa ya maji kwa bomba la sindano, kupitia pembeni mwa mdomo. Mara ya kwanza dawa yote iliishia kwenye blauzi yangu. Sasa naweza.

Nilitaka ajue kwamba mimi ni binti wa baba yangu, kwa hiyo nikamtajia sheria zako zote. Kuku bila chumvi. Maziwa hapana. Uji laini wa mchele asubuhi na jioni. Na pilipili isipikwe kabisa nyumbani, kwa sababu harufu yake inamchoma paka tumbo.

“Uji?” daktari alisema. “Miye sikumuambiaka uji. Paka anakula nyama. Na arufu ya pilipili haina mambo na tumbo ya paka.”

Nilirudi nyumbani nikapika uji vilevile, kwa ubishi tu. Nikauweka kwenye kisahani chake. Aliunusa, kisha akakwaruza sakafu kando ya kisahani, vile anavyofukia choo chake, akaondoka zake. Nikabaki nimeshika mwiko. Ile sufuria ndogo ya uji wa paka, Papa, ilikuwa inaisha kila siku, miaka yote ile. Mimi ndiye niliyekuwa naiosha.

Nikakaa kwenye kiti chako na mambo yakaanza kurudi. Ulikuwa unasukuma bukari pembeni ukisema utakula baadaye na Kontroleri, eti hapendi kula peke yake. Ulikuwa unanituma kuku wa paka, na mimi nikawa nawachekesha wenzangu sokoni kwamba mzee wangu ameoa paka. Nilipokukuta umeinama, mkono tumboni, ulisema unamtafuta paka chini ya kiti. Nilipokuuliza wazi kama unaumwa, ulinijibu: “Miye sina kintu. Ni huyu paka njo mugonjwa.” Na kweli paka alikuwa mgonjwa, upande huo hukudanganya. Ulijificha nyuma ya ugonjwa wake na ukala uji wako kimya.

Nilikasirika, nakuambia wazi. Nilikasirika hata nikaacha kufuta vumbi kwenye picha yako. Kisha nikamkumbuka Mama, miaka niliyomwuguza, mikono yangu ilivyokuwa inanuka dawa hata nikiwa kanisani. Tulipotoka kumzika uliniambia: “Weye umechoka na magonjwa ya bantu bengine. Sasa pumuzika.” Nilidhani ni maneno ya kunifariji. Kumbe ulikuwa umeshaamua, na hukuniuliza. Ningekuuguza, Papa. Ningelalamika, unanijua, lakini ningekuuguza. Sijakusamehe yote. Nimekusamehe kiasi cha kurudi kufuta picha.

Sasa nije kwa yaya wako, dada yako mkubwa, Tantine Odile. Kwenye kilio aliuliza swali ambalo kila familia inauliza: amekufa na nini? Hospitali walikuwa wametuambia, kidonda cha tumbo, cha siku nyingi, kilichopasuka. Tantine alikataa. Alisema mtu mwenye kidonda cha siku nyingi analalamika, na wewe hukulalamika hata siku moja.

“Alikuwa anakula na ule paka mu nyungu moja,” alisema mbele ya wote. “Njo alimuleteya magonjwa yake.”

Wengi walitikisa kichwa kukubali. Akaamua kwamba siku ya kuondoa kilio paka ataondoka pia, mwanawe atakuja na gunia na kwenda kumwacha porini huko Luano. Mnyama anayeishi kwa kifua cha kuku na dawa ya bomba, umwache porini. Asingefika mbali.

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu na sikuweza kulitoa. Ili nimwokoe Kontroleri, ilibidi niseme kwamba uliumwa miaka na ukatuficha sote, hata Tantine aliyekubeba mgongoni ukiwa mtoto. Nikinyamaza, siri yako inabaki salama na paka wako anakwenda. Siku zile zote nilikuwa nakuuliza nifanye nini, nikiwa napima unga, nikiwa nafua. Na wewe, kama kawaida yako, hukujibu.

Siku ikafika. Waligawa vitu vyako bila ugomvi, hilo ujue. Redio ilikwenda kwa mdogo wako, koti la reli kwa mwana wa Tantine, na linamkaa vizuri kuliko lilivyokukaa wewe miaka ya mwisho. Kiti niliachiwa mimi. Kisha yule kijana, akiwa bado na koti lako begani, akakunjua gunia.

Nilikuwa nimepika uji asubuhi bila kujua kama nitapata moyo. Nikautoa jikoni na sufuria yake, nikamimina kwenye kisahani, nikakiweka katikati ya viti. Kontroleri alikuja kukagua kama kawaida. Akanusa, akakwaruza sakafu, akaenda kukaa chini ya kiti chako. Watu wakaangalia kisahani, wakaniangalia mimi.

“Huyu paka hakulaka uji hata siku moja,” nikasema. “Uji ilikuwa ya Papa.”

Nikawaeleza mengine yote, maneno ya daktari, pilipili, kuku, mkono tumboni. Nilikuvua nguo mbele ya ndugu zako. Sikuona njia nyingine.

Nilisubiri Tantine anitukane. Badala yake alivuta sufuria, akaomba kijiko, akaonja. “Haina chumvi,” alisema. Akaweka kijiko chini na akaanza kulia, polepole, si kama alivyolia siku ya maziko. Alipoweza kusema, alitusimulia kwamba baba yenu, babu yangu wa mgodini, miaka yake ya mwisho alikula uji huu huu. Aliwaambia ni wa watoto, yeye anaonja tu kama umeiva.

“Shiye bote tulikuwa tunaona,” alisema. “Hakuna mwenye aliuliza.”

Kisha akamwambia mwanawe akunje gunia. Hakuna aliyesema tena neno juu ya paka. Mdogo wako alikohoa, mtu mmoja akaomba maji.

Nilidhani yameisha. Watu walipokuwa wanaaga, Tantine alinishika mkono mlangoni akaniuliza: “Na weye, tumbo yako iko namna gani?”

Nikamjibu upesi. “Miye sina kintu.”

Niliisikia sauti yako, Papa, ikitoka mdomoni mwangu. Tantine naye aliisikia. Alinitazama mpaka nikaangalia chini.

Ukweli ni huu. Daktari aliposema pilipili haimdhuru paka, nilirudi nayo jikoni kwa furaha, sombe yangu, majani yangu ya muhogo, ikawa sombe tena. Na kila nikila, kuna moto unanipanda kutoka chini ya kifua mpaka kooni. Ulianza hata kabla hujafa. Nilikuwa najiambia ni uchovu, ni huzuni, ni mafuta ya soko. Jioni ile, watu walipokwisha kuondoka, nilijikuta nimesimama jikoni namalizia ule uji wa sufuria kwa kijiko cha Tantine, kwa sababu ulikuwa unashuka vizuri. Kontroleri alikuwa mlangoni ananitazama. Nilipofika chini ya sufuria nikajiona, nikaketi hapo hapo kwenye kigoda nikalia. Nilikulilia wewe na nilijililia mwenyewe.

Nilichukua muda kabla ya kusema. Leo, niliporudi kutoka kwako, nilimpigia Tantine simu nikamwambia. Hakushangaa hata kidogo. Alisema Jumatatu atakuja mapema, tutakwenda hospitali pamoja, na kwamba nisipofungua mlango ataupiga teke. Mwanamke wa umri ule. Lakini nitafungua.

Nakuacha hapa, kwa sababu Kontroleri anazunguka miguu yangu na taulo la dawa tayari liko begani. Mpe Mama salamu, na huko mliko usimfiche kitu, yeye hadanganyiki. Paka wako nitamtunza mpaka mwisho wake, na kuku wake atakuwa wake peke yake. Na tumbo langu likiuma, Papa, sitasema ni la paka.

Binti yako,
Béa